Udhibiti wa amplifaya na transvata katika redio ya ridhaa

Udhibiti wa amplifaya na transvata katika redio ya ridhaa ni jinsi transiva inavyoviamuru vifaa vya nje vilivyounganishwa kati yake na antena. *Transiva* ni redio moja inayorusha na kupokea mawimbi. *Amplifaya* ni kifaa kinachoongeza nguvu ya mawimbi yanayorushwa. *Transvata* ni kifaa kinachohamisha mawimbi kutoka bendi moja kwenda nyingine, ili transiva iweze kutumika katika masafa ambayo yenyewe haina.

Amplifaya na transvata hazijui zenyewe wakati mwendeshaji anapoongea na wakati anaposikiliza. Huhitaji kupewa amri, na amri hiyo inapaswa kufika kabla ya mawimbi yenyewe. Ikichelewa hata kwa sehemu ndogo ya sekunde, pointi za rilei hupiga cheche, transista huungua, au nguvu ya kurushia huingia katika sehemu dhaifu ya kupokelea. Kwa hiyo jambo kuu katika udhibiti ni utaratibu: kifaa kipi kitangulie, kipi kifuate na kipi kiwe cha mwisho.

Mifano katika makala hii imetolewa katika mazingira ya miji ya Musoma, Bunda na Butiama mkoani Mara, Tanzania. Eneo hilo liko karibu na ikweta, kando ya Ziwa Viktoria lenye radi nyingi, na kipuri kilichoungua mara nyingi huagizwa kutoka mbali.

## Redio ya ridhaa

Redio ya ridhaa ni huduma ya mawasiliano kwa ajili ya kujifunza, kufanya majaribio na kuzungumza na waendeshaji wengine bila malipo wala biashara. Ni tofauti na simu za upepo za polisi, hifadhi za wanyama au misheni, ambazo hupewa masafa maalumu kwa kazi za taasisi. Mwanaridhaa huruhusiwa kutumia bendi nzima zilizotengwa na kuchagua mwenyewe masafa ndani yake. Anaruhusiwa pia kujitengenezea vifaa, na ndiyo maana maarifa ya kuviunganisha ni sehemu ya elimu yake.

Kila kituo huwa na alama ya wito. Alama za Tanzania huanza na 5H, za Kenya 5Z na za Uganda 5X. Waendeshaji pia hutaja mahali walipo kwa mfumo wa miraba ya kijiografia: Musoma na Butiama ziko katika mraba wa KI68, na Bunda, iliyo kusini kidogo mwa latitudo ya nyuzi 2 Kusini, iko katika KI67.

## Vifaa vinavyohusika

Transiva nyingi za bendi za mawimbi mafupi hutoa nguvu isiyozidi wati 100. Ndogo za kubebea hutoa wati 5 hadi 10. Nguvu hizo zinatosha kwa mawasiliano mengi. Kutoka Musoma hadi Butiama ni takriban kilomita 35 kwa mstari mnyoofu, na hadi Bunda takriban kilomita 60. Umbali huo unaweza kufikiwa kwa bendi ya 7 MHz wakati wa mchana kwa wati chache tu, iwapo antena ya waya imefungwa chini kiasi ili mawimbi yapande juu na kurudi karibu.

Amplifaya huongezwa pale antena imeshaboreshwa na bado mawimbi ni dhaifu. Faida yake hupimwa kwa desibeli. Kutoka wati 10 hadi 100 ni ongezeko la desibeli 10. Kutoka wati 100 hadi 400 ni desibeli 6, yaani hatua moja tu katika kipimo cha S cha redio inayopokea. Amplifaya haimsaidii mwenye nayo kusikia vizuri zaidi, kwa kuwa kazi yake ni kurusha peke yake.

Kwa kuwa antena ni moja, amplifaya huwa na rilei mbili au rilei moja yenye pande mbili. Wakati wa kupokea, rilei huipitisha antena moja kwa moja hadi kwenye transiva. Wakati wa kurusha, rilei huingiza mawimbi ya transiva kwenye amplifaya na kuyapeleka yaliyokuzwa kwenye antena. Transvata nayo ina njia mbili: moja inapandisha masafa kwa ajili ya kurusha, nyingine inayashusha kwa ajili ya kupokea. Vifaa hivi vyote vinangoja amri moja: hamieni upande wa kurusha.

## Waya wa amri

Njia ya kawaida ya kutoa amri ni waya mmoja kutoka nyuma ya transiva. Wakati wa kupokea, waya huo hauunganishwi na kitu. Mwendeshaji anapobonyeza swichi ya kusema, transiva huuunganisha waya huo na ethi, mkondo wa umeme hupita katika koili ya rilei ya amplifaya, na rilei huvuta. Majina ya tundu hilo hutofautiana. Icom huliita SEND, Yaesu huliita TX GND, na katika transiva nyingi za Kenwood limo ndani ya soketi ya REMOTE.

Tatizo la kwanza ni umeme unaokuja kutoka upande wa amplifaya. Transiva za kisasa huunganisha waya huo kwa transista ndogo au rilei ndogo, ambayo inastahimili volti chache na mkondo mdogo kama inavyoandikwa katika kitabu cha maelekezo. Amplifaya za zamani za vali hazikutengenezwa kwa ajili yake. Heathkit SB-220, ambayo bado iko mikononi mwa waendeshaji wengi duniani, huweka zaidi ya volti 100 kwenye waya wa amri. Transiva ya leo ikiunganishwa nayo moja kwa moja, transista ya ndani inaweza kufa mara ya kwanza mwendeshaji anapobonyeza swichi.

Tatizo la pili ni koili yenyewe. Mkondo unapokatwa, koili hurudisha nishati iliyokuwa imehifadhi kwa namna ya volti kubwa ya ghafla. Rilei ya volti 12 inaweza kutoa volti mia kadhaa kwa muda mfupi sana. Tiba yake ni dayodi inayofungwa sambamba na koili, upande wa mstari wake ukielekea chanya. Wakati wa kawaida dayodi haipitishi kitu. Mkondo unapokatwa, inaipa nishati hiyo njia ya kuzunguka na kuisha.

Iwapo volti au mkondo unazidi uwezo wa transiva, huwekwa kifaa cha kati. Kinaweza kuwa rilei ndogo yenye kasi, transista yenye uwezo mkubwa, au kiunganishi cha mwanga ambacho hakina waya wowote unaounganisha pande mbili. Transiva huamuru kifaa cha kati, na kifaa cha kati huamuru amplifaya. Vipuri vyake ni vichache na bei yake ni ndogo kuliko ya kutengeneza transiva.

Baadhi ya amplifaya za bei nafuu hazina waya wa amri. Hungoja kuhisi mawimbi yenyewe kwenye mlango wa kuingilia, kisha huvuta rilei. Njia hii inafanya kazi kwa nguvu ndogo, lakini rilei siku zote huhama wakati nguvu tayari inapita. Kwa sauti ya SSB, ambayo hupanda na kushuka pamoja na maneno, rilei inaweza kuvuta na kuachia katikati ya sentensi.

## Mfuatano wa kuwasha na kuzima

Rilei ni chombo chenye mwendo. Inapopata umeme, kipande cha chuma husogea, pointi hugusana, hurukaruka kidogo, kisha hutulia. Rilei ya kawaida huchukua kama milisekunde 10 hadi 20, na zile kubwa za kebo ya antena zinaweza kuchukua zaidi. Transiva kwa upande wake inaweza kuanza kutoa nguvu ndani ya milisekunde chache. Isipongoja, mawimbi hufika wakati pointi ziko hewani. Cheche huruka, pointi huungua kidogo kidogo, na kwa muda huo mfupi amplifaya haina antena ya kupeleka nguvu yake. Transista za amplifaya zinaweza kuharibika kwa hali hiyo.

Hatari ni kubwa zaidi kama kuna amplifaya ya kupokelea karibu na antena, inayotumiwa sana katika VHF na UHF. Kifaa hicho hutengenezwa kwa mawimbi dhaifu mno. Hata rilei iliyotulia huvujisha kiasi fulani cha nguvu upande wa pili. Wati 100 zikipita katika rilei yenye kizuizi cha desibeli 40, milwati 10 zitafika kwenye amplifaya ya kupokelea. Kizuizi kikiwa desibeli 60, zitafika milwati 0.1. Tofauti hiyo inaweza kuwa tofauti kati ya kifaa kuishi na kufa.

Suluhisho ni *sikwensa*, yaani saketi ndogo ya kupanga zamu. Sikwensa hupokea amri moja na kuigawa katika hatua. Mfano wa hatua nne ni huu:

| Muda tangu amri | Kinachofanyika |
|---|---|
| Milisekunde 0 | Amplifaya ya kupokelea inakatiwa umeme |
| Milisekunde 25 | Rilei ya antena inahamia upande wa kurusha |
| Milisekunde 50 | Amplifaya ya kurushia inawezeshwa |
| Milisekunde 75 | Transiva inaruhusiwa kutoa mawimbi |

Mwendeshaji anapoachia swichi, hatua hurudiwa kinyume. Transiva huacha kutoa mawimbi kwanza, amplifaya huzimwa, rilei ya antena hurudi, na mwisho amplifaya ya kupokelea hupewa umeme. Kanuni inaweza kusemwa kwa kifupi: nguvu huja mwisho na huondoka kwanza.

Ni muhimu kujua nani anaanzisha mfuatano. Kama mwendeshaji anatumia swichi ya mguu iliyofungwa kwenye sikwensa, basi sikwensa ndiyo inayoiamuru transiva mwishoni na kila kitu kinakwenda sawa. Lakini kama transiva inaanza yenyewe, kwa kusikia sauti, kwa ufunguo wa Mosi au kwa amri ya kompyuta, inakuwa imeanza kabla ya wengine. Hapo transiva inahitaji kuwa na mpangilio wa kuchelewesha mawimbi, unaopatikana katika menyu ya transiva nyingi za kisasa, au tundu la kuzuia kurusha ambalo sikwensa hulifungua wakati ukifika.

Ucheleweshaji una gharama katika alama za Mosi. Kwa kasi ya maneno 25 kwa dakika, nukta moja huchukua milisekunde 48. Mfuatano wa milisekunde 75 usiposhughulikiwa vizuri humeza nukta nzima ya kwanza, na herufi hubadilika maana. Ndiyo sababu waendeshaji wa Mosi wanaotaka kusikia katikati ya alama hutumia rilei za ombwe zenye kasi au swichi za dayodi zisizo na mwendo wowote.

## Kuitambulisha bendi

Amplifaya ya transista huwa na kichujio kwa kila bendi au kila kundi la bendi. Kichujio huzuia mawimbi ya ziada yanayozaliwa katika ukuzaji, kwa mfano mawimbi ya 14 MHz yanayotokea wakati kituo kinarusha kwenye 7 MHz. Mwendeshaji akibadilisha bendi kwenye transiva na kusahau amplifaya, nguvu hugonga kichujio kisichoipitisha na kurudi nyuma. Ili kuepuka kosa hilo, transiva huweza kuitambulisha bendi yenyewe kwa njia zifuatazo:

* Waya nne za tarakimu. Yaesu hutumia waya nne zinazowakilisha namba kwa mfumo wa jozi. Bendi ya mita 160 ni 1, mita 80 ni 2, mita 40 ni 3, mita 30 ni 4, mita 20 ni 5, na kuendelea hadi mita 6 ambayo ni 10.
* Volti moja yenye ngazi. Transiva nyingi za Icom hutoa volti kati ya 0 na 8 katika waya mmoja, kila kiwango kikiwa na bendi yake. Yaesu FT-817 nayo hutumia ngazi za takriban volti 0.33: mita 160 ni volti 0.33, mita 40 ni volti 1, mita 10 ni volti 3.
* Ujumbe wa data. Transiva hutuma masafa yenyewe kwa maandishi ya kompyuta. Katika lugha ya Kenwood, ujumbe FA00014200000. Maana yake ni 14.200 MHz. Icom hutumia mfumo wake uitwao CI-V, ambamo vifaa kadhaa hushirikiana waya mmoja na kila kifaa kina anwani yake.
* Kuhesabu mawimbi. Amplifaya hupima yenyewe masafa ya mawimbi yanayoingia. Haihitaji waya, lakini inajua bendi baada tu ya mawimbi kuanza kufika.

Njia hizi hazielewani zenyewe. Amplifaya inayotarajia waya nne haiwezi kusoma volti ya ngazi bila kifaa cha kutafsiri kati yao. Fundi anayenunua vifaa vilivyotumika hushauriwa kuangalia jambo hili kabla ya kulipa.

## Kiasi cha nguvu na ALC

Amri nyingine husafiri kinyume, kutoka amplifaya kwenda transiva. Waya wa ALC hubeba volti hasi ambayo huongezeka pale amplifaya inapoanza kuzidiwa. Transiva ikiiona volti hiyo hupunguza nguvu yake. Kiwango kinachotakiwa hutofautiana kati ya kampuni na kampuni: transiva moja hujibu kwa volti -1 tu wakati nyingine hungoja volti kadhaa. Kwa hiyo amplifaya huwa na kitufe cha kurekebisha.

ALC ni kinga ya mwisho. Mwendeshaji akiitegemea badala ya kupunguza nguvu kwenye transiva, sauti huharibika na mawimbi hutapakaa katika masafa ya jirani. Zaidi ya hapo, ALC hujibu baada ya kosa kutokea. Baadhi ya transiva, hata zikipangwa kutoa wati 20, huruka hadi wati 100 kwa milisekunde chache za mwanzo. Mruko huo unaweza kuua transista za amplifaya kabla ALC haijasema lolote. Amplifaya nzuri huwa na saketi yake ya kujikinga, inayojitoa yenyewe ikipokea nguvu nyingi, ikiona mawimbi mengi yakirudi kutoka kwenye antena, au joto likipanda mno.

## Transvata

Transvata huchanganya mawimbi ya transiva na mawimbi ya osileta yake ya ndani. Kwa mfano, transiva ikirusha 28.2 MHz na osileta ikiwa ya 116 MHz, jumla ni 144.2 MHz, ndani ya bendi ya mita 2. Wakati wa kupokea, mawimbi ya 144.2 MHz hushushwa hadi 28.2 MHz na transiva huyasikia kama ya kwake. Osileta ya 22 MHz vivyo hivyo huipeleka 28 MHz hadi 50 MHz.

Udhibiti wa transvata una ugumu mmoja ambao amplifaya haina: mlango wake mara nyingi huhitaji nguvu ndogo sana. Transvata nyingi hutosheka na milwati 1. Transiva ya wati 100 ina nguvu mara 100,000 ya kiasi hicho, yaani tofauti ya desibeli 50. Kosa moja la kusahau kupunguza nguvu linatosha kuunguza kichanganyi. Kuna kinga tatu zinazotumika pamoja:

1. Kutumia tundu maalumu la transvata, kama transiva inalo, ambalo hutoa nguvu ndogo na kuzima amplifaya ya ndani.
2. Kuweka kipunguza nguvu cha wati za kutosha kati ya transiva na transvata. Kipunguzaji cha desibeli 20 hugeuza wati 5 kuwa milwati 50.
3. Kupanga rilei za transvata ili zisipopata umeme, transiva iangukie kwenye kipunguza nguvu na kamwe isiangukie kwenye njia ya kupokelea.

Kinga ya tatu ina uzito pale umeme unapokatika ovyo. Transiva ikiwa kwenye betri na transvata ikiwa kwenye umeme wa gridi, gridi ikikatika transvata hupumzika huku transiva ikiendelea kurusha. Kama mapumziko ya transvata ni upande wa kupokea, nguvu yote huingia huko. Njia salama ni kuvilisha vifaa vyote kutoka chanzo kimoja, au kuufanya umeme wa transvata uwe sharti la transiva kurusha.

## Mfano: setilaiti ya QO-100 kutoka mkoa wa Mara

QO-100 ni jina la mitambo ya redio ya ridhaa iliyomo katika setilaiti ya Es'hail-2 ya Qatar. Setilaiti hiyo ilirushwa tarehe 15 Novemba 2018 kwa roketi ya Falcon 9, na mitambo ya ridhaa ilifunguliwa kwa matumizi Februari 2019. Ni ya kwanza ya aina yake katika obiti ambamo setilaiti huonekana imesimama mahali pamoja angani. Inahudumia Afrika yote, Ulaya na sehemu kubwa ya Asia. Mwendeshaji hurusha kwenye 2,400 MHz na kupokea kwenye 10,489 MHz, na kwa sababu hiyo vituo vingi hutumia transvata.

Setilaiti iko juu ya ikweta kwenye longitudo ya takriban nyuzi 26 Mashariki. Kutoka Musoma, iliyo takriban nyuzi 1.5 Kusini na 33.8 Mashariki, inaonekana nyuzi 80 juu ya upeo wa macho, upande wa magharibi ukielekea kaskazini kidogo, yaani juu ya ziwa. Kutoka Bunda na Butiama pembe ni karibu ileile. Fundi wa madishi wa huko ana uzoefu wa pembe kama hizo, kwa kuwa setilaiti ya DStv iliyo nyuzi 36 Mashariki nayo iko karibu utosini. Pembe hiyo kubwa ina faida, kwa kuwa miti, nyumba na vilima havizuii. Hasara yake ni kwamba dishi hulala chali na kukusanya maji ya mvua. Hata dishi la kawaida lenye mkunjo wa nyuzi 25 hubaki limeinama nyuma kwa nyuzi 55, hivyo hutobolewa tundu dogo sehemu ya chini ili maji yatoke.

Upande wa kurusha, transiva ya 432 MHz na osileta ya 1,968 MHz hutoa 2,400 MHz, kisha amplifaya huongeza nguvu hadi wati chache. Kebo nyembamba ya aina ya RG-58 hupoteza takriban desibeli 1 kwa kila mita katika masafa hayo. Mita 10 za kebo hubakiza sehemu moja tu ya kumi ya nguvu. Kwa hiyo transvata na amplifaya hupandishwa mlingotini karibu na dishi, na waya wa amri pamoja na umeme wa kuviendesha hulazimika kupanda navyo.

Upande wa kupokea, LNB ya televisheni yenye osileta ya 9,750 MHz hushusha 10,489.75 MHz hadi 739.75 MHz. LNB hupewa volti 12 hadi 14 ili ipokee mawimbi ya wima yanayotumika kwa sauti. Kosa la sehemu moja tu katika milioni kwenye osileta hiyo ni sawa na 9.75 kHz, ambayo ni pana kuliko njia tatu za sauti ya SSB. Jua la mchana likiipasha LNB joto, kituo husogea polepole kwenye redio, na mwendeshaji hulazimika kurekebisha au kutumia LNB yenye rejeo thabiti.

Mfuatano wa udhibiti hapa hutofautiana na ule wa kawaida. Kurusha na kupokea hufanyika katika masafa yaliyo mbali sana na kwa njia tofauti, kwa hiyo hakuna rilei ya antena wala haja ya kuzima upande wa kupokea. Kinyume chake, mwendeshaji hutakiwa kujisikiliza anaporusha. Sauti yake humrudia baada ya takriban robo ya sekunde. Asizidi nguvu ya alama elekezi ya setilaiti. Akizidi, mfumo uitwao LEILA humwekea sauti ya king'ora juu ya mawimbi yake hadi apunguze. Kinachobaki bila kubadilika ni kanuni ileile: amplifaya iwezeshwe kwanza, mawimbi yaingie baadaye.

## Umeme, radi na usalama

Umeme wa nyumbani Tanzania ni volti 230. Amplifaya inayovuta wati 2,000 huchukua karibu ampea 9, ambazo soketi ya ampea 13 inazimudu iwapo waya za ukutani ni nzima. Amplifaya iliyotoka Marekani inaweza kuwa imepangwa kwa volti 120. Ni lazima ifunguliwe na kupangwa upya kabla ya kuchomekwa.

Amplifaya za vali hutumia volti 2,000 hadi 3,000 na zaidi, zenye mkondo wa kutosha kuua. Kapasita zake huweza kubaki na chaji baada ya plagi kuchomolewa. Fundi hungoja, hupima, kisha huunganisha sehemu yenye volti kubwa na ethi kwa kifaa chenye mpini usiopitisha umeme kabla ya kugusa kitu. Kazi hiyo haifai kufanywa na mtu akiwa peke yake. Swichi ya mfuniko, inayokata umeme kifuniko kinapofunguliwa, haipaswi kuzibwa.

Eneo la Ziwa Viktoria ni miongoni mwa maeneo yenye radi nyingi duniani, hasa usiku juu ya ziwa. Waendeshaji wengi huchomoa kebo ya antena na kusahau waya nyingine. Waya wa amri, wa ALC na wa data unaopanda mlingotini ni njia kamili ya radi kuingia ndani, na huelekea moja kwa moja kwenye sehemu dhaifu zaidi za transiva. Zote huchomolewa pamoja, na bodi za vifaa vyote hufungwa kwenye ethi moja.

Waya hizo pia huweza kubeba mawimbi ya kituo chenyewe na kuyarudisha ndani ya transiva. Dalili zake ni sauti kukwaruza, amplifaya kujizima ovyo au kompyuta kupoteza mawasiliano. Tiba ni kutumia waya fupi zenye kinga ya nje, na kuzizungusha mara kadhaa kwenye pete ya feraiti. Karibu na ziwa, feni za amplifaya huhitaji kichujio cha wavu, kwani wadudu wadogo wa ziwani wanaoruka kwa makundi huziba mapezi ya kupoozea.

## Leseni

Nchini Tanzania masafa ya redio husimamiwa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA), iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2003, na kwa kufuata Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010. Kumiliki transiva, amplifaya au transvata hakumpi mtu haki ya kurusha. Leseni hutangulia, na nguvu na bendi zinazoruhusiwa hufuatwa kama zilivyoandikwa. Mwendeshaji anawajibika pia kwa mawimbi ya ziada yanayotoka katika amplifaya yake, hata kama transiva yenyewe ni safi. Kituo kikubwa kisichodhibitiwa vizuri kinaweza kuvuruga redio na televisheni za majirani, au mawasiliano ya vyombo vya usafiri na uokoaji.

## Tazama pia

* Redio ya ridhaa
* Antena
* Rilei
* Transista
* Alama za Mosi
* Setilaiti
* Ziwa Viktoria
* Mkoa wa Mara